Tupeane uzoefu: sensa za usalama zilizozeeka kwenye presi, ulizibadilisha vipi na ulikutana na nini?

Fundi_LungaLunga:
Wakuu, habari za jioni. Nazungumzia zile nguzo mbili za manjano mbele ya mashine, moja inatuma miali ya infraredi na nyingine inapokea, mkono ukikatiza mashine inasimama. Vitabuni ni pazia la mwanga. Kwetu karakana ni "sensa" tu na kila mtu anajua ni sensa gani. Nataka stori za kuzibadilisha zikishachoka. Naanza na yangu, ya juzi.

Presi yetu ni ya tani 80, inakata vifuniko vya mikebe. Pazia lilifungwa 2003. Mwaka huu likaanza ujeuri: asubuhi linachapa kazi vizuri, kufika saa nane jua likishachoma mabati ya paa linakata bila mtu kugusa chochote. Opereta anabonyeza riseti, anapiga vifuniko kumi, linakata tena. Tulisafisha vioo, tukakaza braketi, tukang'oa kebo iliyokuwa imekauka kama kuni kwa mafuta tukaweka nyingine. Wapi! Kifaa cha aina hii kwa kawaida huhesabiwa miaka 20 ya kazi, na hiki kilishapita. Modeli yenyewe haitengenezwi tena. Tukanunua jozi mpya pamoja na rilei mpya ya usalama, kile kisanduku kinachosikiliza pazia na kuruhusu au kukata stima ya mashine.

Jumamosi mashine zimelala, nikafunga. Pazia likawasha kijani, safi. Nikabonyeza riseti, rilei ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Mdosi amesimama nyuma yangu amekunja mikono, anauliza kama tumeuziwa kitu kibovu, na ukweli ni kwamba hata mimi nilishaanza kuamini hivyo. Saa mbili nzima nikifuata waya zangu mwenyewe. Mwisho nikaenda kwenye zile kontakta mbili, swichi za sumaku zinazokata stima ya valvu ya klachi (klachi ndiyo inayounganisha mota na nyundo ya presi). Ya kwanza sawa. Ya pili, koili haina stima kabisa lakini bado imeshika. Nikaifungua: mguso mmoja umeyeyuka ukashikana na mwenzake, kidonge cha fedha chenye ukubwa wa punje ya mtama, cheusi pembeni. Nadhani ni tangu ile siku koili ya valvu iliungua na fyuzi ikakawia kukatika.

Rilei mpya ina waya wa kurudi, unaohakikisha kontakta zote mbili zimeachia kabla haijaruhusu mashine kuwaka. Ya zamani, aliyeifunga hakuunganisha waya huo. Kwa hivyo presi ilikuwa inasimamishwa na kontakta moja tu, kwa wiki au miezi mingapi sijui, na sisi tunamlaumu aliyetuuzia. Haya, endeleeni.

Mama_Paneli:
Pole kaka, na shukuru hiyo ya kwanza haikushikana pia.

Yangu ilikuwa mashine ya kukunja katoni, upande wa Mombasa Road, Nairobi. Pazia la zamani lilikuwa na rilei ndani yake, miguso mikavu (swichi tu, haitoi stima yake yenyewe), na lilikuwa linakata koili ya kontakta ya volti 110 moja kwa moja. Nikaagiza jipya, urefu ule ule, idadi ya miali ile ile, plagi karibu zifanane. Nikamwachia kijana aliyekuwa kwa mafunzo afunge huku mimi naenda kunywa chai. Kosa langu, si lake. Mapazia ya siku hizi hayatoi miguso. Yanatoa laini mbili za volti 24 DC kutoka kwa transista, na huwezi kuzisukumia 110 AC. Niliporudi kulikuwa na harufu ile mnayoijua nyote.

La pili nililonunua (kwa pesa ambayo ilibidi nieleze kwa maandishi) nikalipeleka kwenye PLC ya kawaida, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, nikidhani nimekuwa mjanja. Ingizo likawa linapepesa. Kumbe zile laini mbili hujizima kidogo kila mara, chini ya milisekunde moja, ili kujipima kama kuna shoti kati yao. PLC yenye macho ya haraka inaona kama mtu ameingiza mkono. Na hata isingepepesa, PLC ya kawaida si mahali pa kuweka maisha ya mtu. Nikaweka rilei ya usalama, mambo yakatulia hadi leo.

Jogoo_BabaDogo:
Mimi mfupi. Tulisafisha kioo cha pazia kwa thina kwa sababu mafuta yalikuwa yameganda. Kile si kioo, ni plastiki. Wiki moja baadaye kimejaa nyufa ndogo ndogo kama barafu. Maji ya vuguvugu na sabuni, kitambaa laini, basi. Halafu nikatafuta kipokeaji peke yake cha mtumba kule Luthuli Avenue mjini, nikakipata, kimefanana kabisa na changu. Kikakataa kumsikiliza mtumaji wa zamani. Tangu hapo nabadilisha jozi, sibadilishi nguzo moja.

Mzee_wa_Kirinyaga:
Wanangu, hamjaniambia presi zenu ni za klachi gani.

Niliitwa Kariobangi Light Industries na kijana mmoja aliyenunua presi ya mtumba ya kutoboa bawaba. Alikuwa amesikia habari ya mapazia, akanunua jozi nzuri kweli, aina ya 4, daraja la juu kabisa la usalama, hakubania. Anataka nimfungie. Nikazunguka presi mara moja, nikamwambia washa mota, kanyaga pedali, halafu achia hapo hapo. Akakanyaga, akaachia. Nyundo ikashuka hadi chini ikapanda hadi juu, ndipo ikasimama. Nikamwambia hebu fikiria pazia limeona mkono nyundo ikiwa katikati. Limekata stima. Nani atasimamisha ile chuma?

Hizo presi za zamani zina klachi ya ufunguo. Pini ikishaingia kwenye gurudumu zito, shafti lazima imalize mzunguko wake wote, hata ukizima stima ya mtaa mzima. Pazia hapo ni mapambo, na ni mapambo mabaya, kwa sababu opereta ataona taa ya kijani na kuamini. Pazia ni la presi inayoweza kusimama popote njiani: klachi ya msuguano na breki, au haidroliki yenye valvu zinazofaa.

Alikasirika kidogo, maana pesa ilishatoka. Nikamtengenezea kizuizi cha wavu wa chuma kilichofungwa kwa nati, chenye mwanya wa kupitisha bamba lakini vidole havifiki kwenye kalibu, pale chuma kinapokata. Mapazia aliyauza kwa mtu mwenye presi ya haidroliki. Mimi nililipwa ya wavu tu.

Fundi_LungaLunga:
Mzee, shikamoo. Hiyo ya kukanyaga na kuachia naiiba.

Shifti_ya_Usiku:
Nitasema lisilopendwa. Pazia likifa saa tisa usiku na lori linasubiri mzigo, mtajampa, yaani mtaliruka pazia kwa waya mashine iendelee. Wote mmejampa. Waya mmoja kwenye rilei, asubuhi unatoa. Oda ni oda.

Vidole_Nane:
Mimi naandika hapa kwa vidole nane. Ule waya ulikuwa wa "asubuhi unatoa", ukakaa siku kumi na moja kwa sababu aliyeuweka alienda likizo na hakumwambia mtu. Fidia nililipwa chini ya sheria ya Kenya ya majeraha ya kazini ya 2007, ilichukua muda lakini ililipwa. Sina ugomvi na wewe, ndugu. Ila siku ukiuweka, simama wewe mwenyewe kwenye hiyo presi hadi asubuhi.

Mama_Paneli:
@Shifti_ya_Usiku hata tukiacha hayo, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai ukaguzi wa kiwanda angalau mara moja kila miezi 12. Mkaguzi akikuta waya wako, ni wewe utaeleza. Aliyetaka mzigo uondoke usiku hatakuwepo.

Shifti_ya_Usiku:
Nimesikia. Pole sana kaka.

Mgeni_Ruaraka:
Samahani, mimi mgeni kwa hii kazi. Nikibadilisha pazia, si natumia mashimo yale yale ya braketi? Ama kuna hesabu?

Rula_na_Saa:
Kuna hesabu, na ilinitoa jasho, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Kanuni iko ISO 13855, kiwango cha kimataifa cha umbali wa vifaa vya usalama. Umbali kutoka pazia hadi mahali pa hatari, kwa milimita, ni 2000 mara muda wote wa kusimama kwa sekunde, kisha unaongeza kitu kidogo. Hiyo 2000 ni kasi ya mkono unaorushwa, milimita 2000 kwa sekunde. Muda ni wa pazia lenyewe kuona na kukata, pamoja na wa mashine kusimama kabisa. Nyongeza inategemea kitu kidogo kabisa ambacho pazia linaweza kuona: unatoa 14, unazidisha kwa 8. Pazia la vidole ni la milimita 14, nyongeza sifuri. Pazia la mkono ni la 30, nyongeza 128.

Sasa yangu. Karatasi ya presi ya 2009 ilisema inasimama kwa milisekunde 140. Pazia milisekunde 15. Jumla 0.155, mara 2000, ni 310. Nguzo zilikuwa zimefungwa 320 kutoka kwa kalibu, aliyezifunga alijua kazi yake. Mimi nikanunua pazia la 30 kwa sababu lilikuwepo dukani na la 14 lilikuwa la kuagiza wiki sita. Nikataka kutumia mashimo yale yale. Kabla ya kukaza nikaazima kipimo cha muda wa kusimama, ili tu niwe na karatasi mpya ya faili.

Kikasoma 180. Si 140. Bitana za breki zilikuwa zimelika na hakuna aliyeona, maana presi bado ilikuwa inasimama. Ilikuwa inachelewa tu, kwa muda mfupi kuliko jicho linavyoweza kukamata. Kwa hivyo hata pazia la zamani, zima kabisa, lingetakiwa kuwa 390 na lilikuwa 320. Na hili langu jipya la 30? 390 ukiongeza 128 ni 518. Ukipita 500 kanuni inakuruhusu kurudia na 1600 badala ya 2000, unapata 440, lakini hairuhusu kushuka chini ya 500. Basi 500. Na pengo la nusu mita kati ya nguzo na presi mtu mwembamba anasimama ndani yake vizuri, pazia liko mgongoni mwake na halimwoni.

Nikameza mate. Nikarudisha lile la 30, nikaagiza la 14, na zile wiki sita tukazitumia kubadilisha bitana. Muda ukashuka hadi 145. Nikafunga kwa 350. Presi ililala muda wote huo na kelele nilizopigiwa sizisahau.

@Mgeni_Ruaraka, kwa kifupi: pima kwanza, toboa baadaye.

Mgeni_Ruaraka:
Asante sana mkubwa. Nimeandika kwenye daftari.

Taa_Nyekundu:
Hii ni ya kuchekesha, msinicheke sana. Mashine ya kupanga magunia kwenye paleti. Pazia lina zile sensa za pembeni zinazolinyamazisha kwa sekunde chache paleti ikipita, na kuna taa juu inayowaka likiwa limenyamazishwa. Siku moja paleti ikifika, pazia linakata. Siku mbili tunahangaika. Tumebadilisha sensa nne, tumevuta kebo mpya, tumeagiza bei ya pazia zima. Kumbe balbu ya ile taa ilikuwa imeungua, na kontrola ile ya zamani inaichunguza balbu: hakuna taa, hakuna kunyamaza. Balbu ya shilingi mia na kitu.

Fundi_LungaLunga:
Hatucheki. (Tunacheka.)

Mgeni_Ruaraka:
Swali la mwisho, samahani. Mkimaliza kufunga, mnajaribu kwa mkono?

Fundi_LungaLunga:
Usijaribu kwa mkono! Kuna fimbo inayokuja na pazia, unene wake ni ule ule wa kitu kidogo linachoweza kuona. Unaishusha polepole kutoka juu hadi chini mara tatu: karibu na mtumaji, katikati, karibu na kipokeaji. Taa ikae nyekundu njia yote. Ikirudi kijani hata kwa kufumba na kufumbua, simamisha kazi.

Mimi Jumamosi ile ile ilirudi kijani katikati, karibu na chini. Tulikuwa tumefunga kizuizi kipya cha bati linalong'aa ubavuni, sentimita nane kutoka kwa mstari wa miali. Mwali ulikuwa unagonga bati na kuzunguka fimbo. Kwa pazia la aina ya 4, nguzo zisizopita mita 3 kutoka moja hadi nyingine, kitu kinachong'aa kikae angalau milimita 131 mbali. Tulisogeza bati hadi sentimita 15, nikapitisha fimbo upya, nyekundu mwanzo hadi mwisho.

Mama_Paneli:
Fundi, ile kontakta iliyoshikana umeitupa? Nina vijana watatu wa mafunzo wanaanza Jumatatu.

Fundi_LungaLunga:
Iko mezani kwangu, nabania karatasi nayo. Pitia kesho kabla ya saa kumi, nitaiacha kwa askari wa geti ikiwa imefungwa kwa gazeti.