Wanataka laki moja leo kabla wakili hajaona hati ya ardhi. Nifanyeje?

mpangaji_kasarani

Hamjambo wadau. Ni fleti ya vyumba viwili vya kulala Kileleshwa, Nairobi, orofa ya saba, na jengo bado liko kwenye msingi. Bei ni shilingi 8,400,000. Afisa wa mauzo anataka 100,000 leo za kushikia nyumba, kisha asilimia 10 ndani ya siku 14. Anasema zimebaki tatu, Jumatatu bei inapanda, na anayelipa zote kwa mkupuo anapunguziwa 840,000. Wakili ni wao, eti sina haja ya kutafuta mwingine. Fomu ni ukurasa mmoja na chini imeandikwa kwamba pesa hazirudishwi.

Je, nyumba inaweza kuzuiwa bila kulipa? Nikilipa, nijilinde vipi? Na hilo punguzo lina faida?

wakili_wa_ardhi

Ndugu, usilipe leo. Jumatatu ni tarehe ya afisa wa mauzo, haikufungi. Zitakazokufunga ni tarehe zilizo kwenye karatasi utakayoweka sahihi. Hiyo fomu inakubana wewe peke yako: pesa hazirudi, siku 14 zinaanza kuhesabiwa, na mkataba wenyewe hujauona. Siku ya kumi wakili wako akigundua kasoro, utakuwa unaihesabu ile laki moja badala ya kuipima ile kasoro, na wengi hapo hufumba macho wakalipa 840,000.

Kenya, mkataba wa kununua ardhi au nyumba lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. "Tumekuwekea" ya kwenye simu haina nguvu. Omba barua ya ofa iliyotiwa sahihi na mkurugenzi wa kampuni, yenye nambari ya nyumba, bei, na muda wa siku 14. Mwenye nyumba kweli hashindwi kuiandika.

Wakikataa kuiandika kabla ya kulipwa, andika kwa mkono juu ya fomu: "Pesa hizi zitarudishwa zote ndani ya siku 14 iwapo wakili wa mnunuzi hataridhika na hatimiliki, vibali au mkataba." Mkurugenzi atie sahihi kando ya maneno hayo na kugonga muhuri. Lipa kwenye akaunti ya benki ya kampuni, kamwe si M-Pesa ya dalali.

Siku hizo 14 wakili wako atafute mambo haya. Kwanza hati ya ardhi yenyewe, kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, au ofisi za Ardhi House kama rekodi bado haijahamishiwa huko. Jina la mwenye ardhi lilingane na la muuzaji. Mara nyingi jina la kwenye mabango ni la biashara tu, na ardhi ni ya kampuni nyingine au ya familia iliyoingia ubia na mstawishaji, yaani kampuni inayojenga na kuuza. Kama ni ubia, uone mkataba wa ubia na idhini ya mwenye ardhi kuuza. Kisha CR12, hati ya msajili inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa, ya kampuni inayouza, ujue wakurugenzi ni akina nani na kama anayetia sahihi yumo.

Pili, rehani. Ardhi ikiwa imewekwa dhamana benki, hilo pekee si baya, miradi mingi hujengwa kwa mkopo. Kinachohitajika ni barua ya benki inayokubali mauzo na kuahidi kuiachilia nyumba yako bei ikishalipwa. Bila barua hiyo, mstawishaji akishindwa kulipa, benki ina haki ya kuuza, nawe utabaki kwenye foleni ya wadai huku ukiwa umelipa kila senti.

Tatu, miaka iliyobaki. Ardhi ya kukodishwa kwa miaka 99 tangu 1980 inaisha 2079, na hati ya fleti haiwezi kuishi zaidi ya hati mama, yaani hati ya kiwanja chote.

Wakili wao analinda maslahi yao, na hilo si kosa lake, ndiyo kazi aliyolipwa kufanya. Soma pia kama fomu inakutwika ada zake. Ikiwa ndivyo, taka kiasi kwa tarakimu. Ushuru wa stempu Nairobi ni asilimia 4, yaani 336,000 kwa bei hiyo, na kwa kawaida haumo kwenye bei ya brosha.

mkadiriaji_majenzi

Kuhusu punguzo: ukilipa 7,560,000 leo umewakopesha pesa za kujenga jengo zima, bila dhamana yoyote mkononi. Ujenzi ukisimama kwenye orofa ya tatu huna tena kitu cha kuwabana nacho. Mimi nisingelichukua hata wakiliongeza mara mbili.

Ratiba ya malipo ifuate hatua za ujenzi, si miezi ya kalenda. Mfano: asilimia 10 kwenye mkataba, 20 slabu ya orofa ya kwanza ikimwagwa, 20 slabu ya orofa yako, 20 paa na kuta, 20 umaliziaji, na 10 ya mwisho ukipewa funguo. Kila awamu ije na cheti cha msanifu majengo. Picha ya WhatsApp si cheti. Ratiba ya "kila mwezi 250,000" inawafaa wao: pesa zinaingia hata winchi ikiwa imelala.

Nenda kwenye kiwanja siku ya kazi, usingoje gari la mauzo la Jumamosi. Soma bango: kuna nambari ya NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi? Kisha omba nakala ya ramani iliyoidhinishwa na Kaunti ya Jiji la Nairobi, kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira), na idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi ikiwa kiwanja kilikuwa cha nyumba moja, jambo la kawaida sana Kileleshwa. Hesabu orofa kwenye ramani. Zimeidhinishwa 12 na wanauza ya 14? Aliye juu ya 12 ananunua kesi.

Uliza pia mita za mraba zimepimwa vipi. Brosha nyingi huhesabu kuta, roshani na hata sehemu ya korido. Fleti ya "mita 95" inaweza kuwa na mita 80 za kukanyaga.

mpangaji_kasarani

Asanteni sana. Nimewauliza. Wanasema mkataba ni mmoja kwa wanunuzi wote, haubadilishwi hata nukta.

wakili_wa_ardhi

Basi usiuguse. Mwombe wakili wako aandike barua ya nyongeza, itiwe sahihi na pande zote siku moja na mkataba, ikisema kwamba penye mgongano barua ndiyo itafuatwa. Usipoteze nguvu kwenye mambo madogo. Pigania haya:

Kifungu kinachosema utarudishiwa pesa "nyumba ikishauzwa kwa mtu mwingine" kiondoke, kwa sababu hakina mwisho. Weka siku 60, nyumba iuzwe isiuzwe.

Tarehe ya kukamilika iwe na kikomo, tuseme miezi sita baada ya tarehe waliyoahidi. Ikipita, unaruhusiwa kujitoa na kurudishiwa zote na riba ileile wanayokutoza wewe ukichelewa.

Hati iwe hatimiliki ya nyumba yako chini ya Sheria ya 2020 ya umiliki wa fleti, pamoja na fungu lako la maeneo ya pamoja. Hisa za kampuni ya usimamizi peke yake hazitoshi, na benki haitakukopesha kwa hizo.

dada_wa_mauzo

Niongeze moja. Ahadi za jenereta, kisima, gym na maegesho mawili husemwa kwa mdomo, halafu mkataba una kifungu kinachosema hakuna makubaliano mengine nje yake. Brosha na orodha ya vifaa viambatishwe kwenye mkataba kama jedwali, na nambari ya maegesho iandikwe.

Usitishwe na "zimebaki tatu". Omba kwa barua pepe nambari za hizo tatu, kisha mwombe mtu mwingine aulize baada ya wiki. Shinikizo hupanda mwisho wa mwezi kwa sababu ya malengo ya mauzo.

mkadiriaji_majenzi

Na kuna shinikizo la pili ambalo watu hulisahau: siku ya funguo. Utaambiwa utie sahihi kwamba umeridhika na ulipe awamu ya mwisho ndipo ufunguliwe mlango. Mkataba useme unakagua kwanza. Nenda na fundi, mchana, maji na umeme vikiwa vimeunganishwa. Mwaga ndoo ya maji bafuni uone kama yanakimbilia kwenye tundu au mlangoni. Gonga vigae kwa sarafu, vyenye sauti tupu vitang'oka. Chomeka kitu kwenye kila soketi, fungua bomba zote kwa pamoja, funga kila dirisha. Orodha ya kasoro itiwe sahihi na msimamizi wao, na muda wa kurekebisha kasoro, angalau miezi sita, uanze siku hiyo ya kukabidhiwa, si siku jengo lilipokamilika.