Idhaa moja kwa nchi iliyoungana juzi: rasimu hii itafanya kazi?

Muuliza swali
Wadau, naomba mawazo. Pande mbili zimeungana, kila mmoja una lugha yake, dini yake na namna yake ya kuisimulia vita. Rasimu ya sheria inataka vituo vyote viwili vya serikali vivunjwe, iundwe idhaa moja. Taarifa ya habari iwe nusu saa: dakika 20 kwa lugha ya wengi, 10 kwa lugha ya wachache. Ada ya watazamaji ikusanywe na kila upande, kisha ipelekwe makao makuu.

Jibu 1
Mkuu, kipengele cha ada ndicho kitakachoua shirika. Bosnia na Herzegovina wana mashirika matatu, na sheria inaipa BHRT ya taifa nusu ya mapato, na yale ya sehemu mbili za nchi, RTRS ya Republika Srpska na RTVFBiH ya Shirikisho, robo robo. RTRS ikaacha kupeleka mgao wa BHRT, deni likafika mamilioni. Dawa yake: fedha ziingie akaunti moja ya amana, benki igawe siku hiyohiyo kwa asilimia zilizoandikwa kwenye sheria, kabla kituo chochote hakijazigusa. Na upande mdogo upate zaidi ya unachochanga. SRG SSR, shirika la utangazaji la umma la Uswisi, hufanya hivyo kwa Kiitaliano na Kiromanshi, maana taarifa ya habari haipungui gharama kwa sababu watazamaji ni wachache.

Jibu 2
Msivunje vyote kwa mpigo. Ujerumani iliungana 3 Oktoba 1990, na utangazaji wa Mashariki ukapewa hadi 31 Desemba 1991 kabla ya kufungwa. Lakini kesho yake shirika jipya, MDR, lilikuwa hewani kwa majimbo matatu ya huko, na Brandenburg ikawa na ORB yake. Wekeni tarehe ya kufunga pale tu mrithi anapokuwa na masafa, wafanyakazi na bajeti. Na maktaba ya kanda ihamishwe mapema, mkanda kwa mkanda, kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili. Ikipotea hiyo, hairudi.

Jibu 3
Dakika 20 kwa 10 hazifai. Mtu akikutana na lugha asiyoielewa huhama kituo, wala hasubiri zamu yake. Fanyeni chumba kimoja cha habari, picha zilezile, taarifa mbili kamili. Manukuu, yaani maandishi ya chini ya skrini, yawekwe kwa lugha zote mbili. Yakiwa upande mmoja tu, wale wengine wanaonekana wageni. Mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kwa mstari.

Kazi kubwa iko kwenye maneno. Mhariri wa zamu kutoka kila upande asome maandishi ya mwenzake kabla ya kwenda hewani. Wafu wa huku wakiwa “wameuawa”, wa kule wasiwe “wamefariki”. Neno moja la namna hiyo hubomoa imani ya mwaka mzima.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Bodi je? Wajumbe 6, watatu kila upande, na kila uamuzi ukubaliwe na wote.

Jibu 1
Hapo mtakwama mwezi wa kwanza. Kura ya turufu ibaki kwa mgao wa lugha na wa fedha tu, kamwe isiguse maudhui. Bajeti isipopita ndani ya siku 30, ya mwaka uliopita iendelee kutumika.