Karatasi ya kuprinti picha zidumu miaka mingi: pamba au glosi? (Kigoma)

Kibirizi_Kgm
Wakuu, habari za jioni. Nahitaji ushauri wa wanaojua karatasi. Kuna picha za zamani za ukoo zimeshaskaniwa kwa dpi 600, sasa zinatakiwa kuprintiwa upya. Baadhi zitatundikwa sebuleni, nyingine ziende kwenye albamu pamoja na kurasa za maelezo ya nani ni nani. Printa ni Epson L805 yenye wino wake halisi wa chupa, 673. Nyumba iko karibu na ziwa, na mvua zikishaanza Novemba karatasi hujikunja zenyewe mezani.

Dukani kuna glosi (karatasi ya picha inayong'aa) ya gramu 230 kwa mita ya mraba, pakiti imeandikwa "miaka 100". Kwa upande mwingine naweza kuagiza Dar karatasi ya pamba ya gramu 308, bei yake inatisha. Je, pamba inastahili hiyo hela? Na nitajuaje kama niliyouziwa ni yenyewe?

WinoMweusi
Mkuu Kibirizi, anza na wino, karatasi baadaye. 673 ni wino wa dayi, yaani rangi imeyeyuka kabisa ndani ya maji. Ukiidondoshea karatasi ya pamba inazama kwenye tabaka la juu na kubaki wazi kwa hewa. Ozoni na mwanga vinaifikia bila kizuizi. Isitoshe, dayi ikikaa kwenye unyevu mwingi kwa wiki kadhaa huanza kutembea tena. Utaona kingo za nywele na maandishi madogo zinavimba, na kivuli cha kijivu kinaelekea kwenye rangi nyingine. Kwa hiyo pamba ya gramu 308 ukiichapa kwa 673, karatasi itaishi kuliko picha yenyewe.

Wino wa pigimenti ni chembe ngumu za rangi, haziyeyuki, zinashikamana juu ya karatasi. Huo ndio mwenzi wa pamba. Printa za namna hiyo ni kama Epson SureColor P700 na P900, au Canon PRO-300. Ushauri wangu: picha za ukutani tuma faili studio yenye printa ya pigimenti, na kabla ya kulipa waulize mambo mawili tu: wino gani, na jina kamili la karatasi. Wakikujibu "ni ya kudumu, bosi" bila jina, tafuta wengine. Za albamu printi mwenyewe kwa L805 kwenye glosi nzuri. Ndani ya albamu hakuna mwanga na hewa ni kidogo, dayi inavumilia.

Usije ukashawishika kumwaga pigimenti ya mtaani ndani ya matangi ya L805. Ikichanganyika na mabaki ya dayi inaweza kuganda, chembe zinatuama printa ikikaa bila kazi, hedi (kichwa kinachorusha wino) inaziba, na rangi hazitalingana na profaili (faili ya kurekebisha rangi) yoyote uliyo nayo.

Kuhusu "miaka 100" ya kwenye pakiti: namba hizo hutokana na kipimo cha maabara. Wilhelm Imaging Research ya Marekani, kwa mfano, hupima kwa mwanga wa laksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 450, saa 12 kwa siku, picha ikiwa nyuma ya kioo. Kodak waliwahi kutumia laksi 120, na ukipunguza mwanga kiasi hicho miaka inaongezeka kwa hesabu tu bila picha kuwa bora zaidi. Ukuta unaopigwa na jua la dirishani unapata laksi maelfu kwa maelfu. Na namba hiyo ni ya wino fulani kwenye karatasi fulani. Pakiti isiyotaja wino haijakuambia kitu.

Kibirizi_Kgm
Asante sana mkuu, hilo la wino sikulitegemea. Sasa hiyo karatasi ya studio niitambueje?

WinoMweusi
Soma lebo kwanza. Unatafuta pamba asilimia 100, au selulosi ya alfa (nyuzi za mti zilizosafishwa) ambayo nayo ni safi, isiyo na asidi wala lignini (kitu cha mti kinachofanya karatasi igeuke njano), yenye akiba ya kalsiamu kaboneti. Akiba hiyo kazi yake ni kumeza asidi inayotoka hewani au kwenye fremu. Neno "isiyo na asidi" peke yake ni dogo: linasema hali ya karatasi siku ilipotoka kiwandani.

Kitu cha pili ni ving'arishi. Ni kemikali zinazoifanya karatasi iwe nyeupe pee kwa kugeuza mionzi ya urujuani kuwa mwanga wa buluu. Zinachoka. Zikichoka, weupe unashuka na picha nzima inaonekana imepata umanjano, hata kama wino haujapauka. Karatasi ya Canson Rag Photographique haina ving'arishi. Epson Hot Press Natural haina, lakini Hot Press Bright inavyo, ingawa ni ndugu wa baba mmoja.

Kupima: chukua ile taa ya kukagulia noti bandia, ingia chumba cha giza, weka karatasi yako pembeni ya bondi ya kawaida ya ofisini. Bondi itawaka buluu kali. Karatasi isiyo na ving'arishi itabaki imefifia, kama rangi ya maziwa machafu. Ikiwaka sawa na bondi, umeuziwa jina. Geuza upime na mgongo pia, maana nyingine zina ving'arishi upande mmoja tu.

Kuna pia kalamu ya kupimia asidi: chora kimstari mgongoni, ikigeuka zambarau karatasi haina asidi, ikibaki njano ina asidi. Kwenye glosi yenye tabaka la plastiki kalamu hiyo haikusaidii, inagusa plastiki tu.

Mtaa_wa_Pili
Kwani asipige laminesheni yakaisha? Vyeti vyote tunalamineti na vinakaa.

FundiFremu_Tbr
Ndugu yangu, laminesheni ya moto inayeyusha gundi ndani ya picha, na haitoki tena bila kuharibu kitu. Kingo zikifunguka kidogo tu, unyevu unaingia na hauna njia ya kutoka. Kwa nakala ya cheti cha kuonyesha mlangoni, sawa. Kwa picha ya ukoo, hapana.

Kibirizi, niongezee upande wa fremu, kwa sababu picha nyingi zinauawa na fremu. Mbao za nyuma za hadibodi, MDF na plaiwudi hutoa asidi polepole. Ukiona picha ya zamani ina mistari ya kahawia inayofuata mwachano wa mbao, ndiyo hiyo. Mpangilio sahihi kutoka mbele: kioo, kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, picha, kadibodi nyingine isiyo na asidi, ndipo hadibodi. Hiyo kadibodi ya dirisha si urembo. Inaiweka picha mbali na kioo kwa milimita moja na nusu hadi mbili. Bila nafasi hiyo, unyevu wa ziwani utaigandisha picha kwenye kioo, na siku ya kuitoa uso wa picha unabaki kwenye kioo.

Usitumie selotepu wala gundi nyeupe. Shika picha kwa kona za karatasi, au bawaba mbili za karatasi ya Kijapani kwa uji wa wanga wa ngano, juu tu, ili karatasi ipate kutanuka. Ukigundisha pande zote nne, mvua za kwanza tu itafanya mawimbi. Huku Tabora tuna shida tofauti: Julai na Agosti hewa kavu, karatasi inasinyaa, na vumbi linaingia nyuma ya fremu, kwa hiyo tunaziba mgongo kwa utepe wa karatasi. Huko kwenu ziba vilevile, ila bandika vipande vya koki kwenye kona za chini ili fremu isigusane na ukuta. Ukuta wa nje ndio mbaya zaidi: unyevu na mchwa.

WinoMweusi
Sahihi kabisa. Niongeze ya kuprinti kwa L805, maana hapo ndipo karatasi huharibika.

Pamba ya gramu 308 ina unene wa karibu nusu milimita. Printa nyingi za mezani zinataka isizidi takriban milimita 0.3, hivyo hedi itasugua kingo na kuacha alama nyeusi. Ukitaka lazima kujaribu mati (karatasi isiyong'aa, kama hiyo ya pamba) nyumbani, tafuta uzito mdogo. Rag Photographique ipo ya gramu 210, na Hahnemühle Photo Rag ipo ya 188. Soma kitabu cha printa kuhusu unene, halafu washa chaguo la karatasi nene.

Kwa glosi: iache ndani ya pakiti chumbani siku nzima kabla ya kufungua. Fungua, toa unazohitaji, funga zilizobaki na kale kapakiti ka silika. Piga ukaguzi wa nozo (vitundu vya wino) kwenye bondi, usipige kwenye glosi. Chagua aina ya karatasi iliyo karibu zaidi na yako. Ukiacha "karatasi ya kawaida" wino hautalingana na tabaka la glosi na rangi zitatoka hafifu. Usiguse uso kwa kidole chenye jasho.

Ikitoka, usiifremu wala kuitia albamu. Iache hewani dakika 15, kisha iwekee bondi safi juu kwa saa 24. Wino una glikoli inayochelewa kutoka kwenye karatasi ya plastiki. Ukiharakisha, kioo kitaota ukungu kwa ndani. Bondi ikionekana imejikunja, badilisha uweke nyingine.

Kibirizi_Kgm
Nimewaelewa vizuri. Mawili ya mwisho: albamu ipi, na zile kurasa za maelezo niprinti kwenye nini?

FundiFremu_Tbr
Albamu ya mifuko ya polipropilini au poliesta. Ikinuka kama kapeti jipya la vinili ni PVC, irudishe dukani. Zile za kurasa zenye gundi na plastiki ya kufunika, hata kama ndizo zimejaa madukani, usiziguse. Weka albamu kwenye rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nje.

WinoMweusi
Kurasa za maandishi hazihitaji pamba. Tafuta rimu ya bondi iliyoandikwa ISO 9706: kiwango hicho kinadai akiba ya kalsiamu kaboneti ya angalau asilimia 2 na lignini ndogo sana. Rimu nyingine huwa na alama ya nane iliyolala ndani ya duara. Maandishi yachape kwa printa ya leza nyeusi. Tona ni unga wa plastiki na kaboni, unyevu hauitembezi kama dayi.

Majina ya waliomo pichani andika kwa penseli laini, B au 2B, mgongoni mwa karatasi ya mati, pembeni, bila kukandamiza. Glosi haikubali penseli, na kalamu ya biki inaacha mfinyo unaoonekana mbele. Kwa hizo acha ukingo mweupe wa sentimita moja chini ya picha ukiwa bado kwenye kompyuta, majina uyachape hapo hapo.