Tupeane uzoefu: kitindamlo cha matunda kisichookwa, kisicho na maziwa wala mayai, tunakigandishaje kwenye joto la Tanga?

Mama wa Ngamiani (mwanzilishi wa mada)

Asalaam aleikum wanajamvi, na habari za jioni kwa wote. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo lililonishughulisha tangu mkwe wangu ahamie nyumbani. Yeye hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, na mimi sina oveni, hivyo nilitia nia ya kumwandalia kitindamlo cha embe cha kugandisha siku wazazi wake watakapokuja kututembelea.

Mara ya kwanza kiliharibika. Nilinunua embe dodo sokoni Mgandini, zilizoiva zikanukia nyumba nzima, nikazisaga kwenye blenda pamoja na tui nililokamua kwa maji mengi kama ninavyozoea kukamua tui la wali. Kitako nilikitengeneza kwa tende na korosho zilizotwangwa pamoja mpaka zikashikana, nikamimina mchanganyiko juu yake na kuuacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi juu palikuwa pameshika kidogo, lakini kisu kilipopenya, urojo wa manjano ulichuruzika kutoka chini, ukajaa kwenye sinia na kulowesha kitako chote. Nilisikitika sana, kwa sababu nazi zilikuwa nne na embe hazikuwa za bei rahisi.

Mara ya pili nilipunguza maji. Kilikatika vizuri kilipotoka kwenye friji, ila baada ya kukaa mezani kwa muda wa kula wali na kuzungumza kidogo, kingo zake zilianza kulegea. Wenzangu mliowahi kutengeneza kitu cha namna hii mlifanyaje?

Mwanachama wa Pangani

Shikamoo mama. Kwetu nazi ndiyo maisha, na naamini tatizo lako la kwanza lilikuwa kwenye tui. Kitindamlo hiki hakiwezi kutengenezwa kwa tui la pili, wala kwa tui la kwanza lililochanganywa na maji. Kinataka tui bubu, yaani tui zito lililokamuliwa karibu bila maji.

Mimi huchagua nazi iliyokomaa na kukauka, ile ambayo ukiitikisa unasikia maji yake machache yakicheza ndani. Koroma siitumii, kwa kuwa nyama yake bado ina maji mengi na mafuta kidogo. Naikuna kwenye mbuzi taratibu, nikiacha ile ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu, maana ikiingia hutia rangi ya vumbi kwenye kitu ambacho unataka kiwe cheupe. Kisha naikamua kwa kitambaa safi, nikitia vijiko vitatu au vinne tu vya maji ya moto kwa nazi mbili, ili mafuta yaachie. Tui hilo nalilaza kwenye friji, na asubuhi nakuta limejitenga: juu pana utando mzito ambao kijiko kinasimama ndani yake, chini pana maji. Natumia utando peke yake, na yale maji hupikia mchicha. Nikishausaga pamoja na korosho zilizolowekwa usiku kucha, iliki na ndimu kidogo, hupata kitu kizito kinachokaribia krimu ya maziwa.

Ama kulegea mezani, hilo ni tabia ya nazi yenyewe. Mafuta ya nazi hushikana chini ya nyuzi joto 24 hivi, nasi pwani tunapita hapo karibu kila siku ya mwaka. Ukitegemea nazi peke yake, kiandae kiliwe mara tu kinapotoka kwenye baridi.

Mpishi wa Chumbageni

Napikia shughuli, na niliwahi kujifunza kwa hasara. Mteja aliagiza kitindamlo cha nanasi, nami nikatumia jelatini ya unga. Nanasi lilikuwa bichi, halikupita motoni, na mpaka saa ya kupakua mchanganyiko ulikuwa majimaji kama juisi. Baadaye nilielewa kwamba nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachovunja protini, na jelatini ni protini inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa hiyo hata kama ingeganda, isingemfaa mkwe wako.

Tangu hapo natumia aga-aga, unga unaotokana na mwani wa bahari. (Mwani unaolimwa huku kwetu Tanga ni wa aina nyingine na hutoa kigandishi tofauti, hivyo usijaribu kuuchemsha ukitarajia matokeo yaleyale.) Aga-aga si protini, kwa hiyo nanasi haliidhuru. Natia kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha tui jepesi au maji, nakoroga tangu yakiwa baridi, kisha nachemsha kwa dakika mbili au tatu bila kuacha kukoroga. Sifa yake kubwa ni kwamba huganda ikifikia nyuzi 40 au chini yake kidogo, yaani hata juu ya meza ya jikoni, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka karibu nyuzi 85. Siku umeme unapokatika, hiyo ndiyo inayoniokoa.

Angalizo moja: embe au krimu unayochanganya nayo isiwe imetoka kwenye friji. Ikiwa baridi, aga-aga hushtuka na kufanya madonge madogo kama mchele uliovunjika, na hapo hakuna namna ya kuyarekebisha isipokuwa kuchemsha upya.

Mkulima wa Muheza

Kwa wanaotumia machungwa na pasheni: ukali wake ukichemshwa pamoja na aga-aga huidhoofisha. Chemsheni aga-aga kwanza kwenye maji, mkiipua ndipo mtie juisi.

Mama wa Ngamiani

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jumamosi nilifuata tui la ndugu yetu wa Pangani na kigandishi cha mpishi, embe nikaliacha lipoteze ubaridi kabla ya kuchanganya. Kitindamlo kilikaa mezani tangu adhuhuri mpaka alasiri na kila kipande kilisimama na kona zake. Mkwe wangu aliomba nimfundishe. Sasa embe zinaelekea kwisha. Je, papai bichi, lisilopikwa, nalo litakubali?

Mpishi wa Chumbageni

Litakubali mama, kwani kimeng'enya chake nacho huvunja protini tu. Chagua lililoiva lakini bado gumu kidogo, likamulie ndimu kwa kuwa ladha yake imepoa, na kiliwe siku hiyohiyo, kwa sababu papai likilala hutoa maji.