Mjadala: Je, kuleta kampuni ya pili ya simu kunatosha kuvunja ukiritimba?

Mleta mada:

Wadau, watu wakichoshwa na kampuni moja ya simu iliyoshika soko lote, kilio huwa kile kile: serikali ilete mshindani. Bando ni ghali na linakata kabla hujashtuka. Simu inakatika, ukipiga tena unalipia dakika mpya kuanzia mwanzo. Ukitafuta huduma kwa wateja unabonyezeshwa moja, bonyeza tatu, bonyeza sifuri, halafu unarudishwa ulikoanzia. Basi aje mwingine, mambo yanyooke.

Mimi nasema tunapigania kitu sicho. Mshindani anaweza kupewa leseni, akasimamisha minara, akabandika mabango kila kona, na miaka michache baadaye akabaki kuwa laini ya pili ambayo watu wanaiweka kwa ajili ya bando la usiku tu. Kinachomkaba hakionekani kwenye vocha wala kwenye tangazo. Kinaitwa tozo ya mwingiliano, na wengi wanaolalamikia bei hawajawahi kuisikia.

Inafanya kazi hivi. Chukua soko ambalo watu tisa kati ya kumi wako kwa mkubwa. Mteja wa mdogo akipiga simu, uwezekano mkubwa anayempigia yuko kwa mkubwa. Kwa kila dakika ya simu hiyo, mdogo anamlipa mkubwa ujira wa kuipokea na kuifikisha. Tuseme ujira ni senti nne. Mdogo hawezi kuuza dakika kwa senti tatu bila kula hasara, hata awe na mitambo mizuri kuliko wote duniani. Sakafu ya bei yake imewekwa na mpinzani wake! Mkubwa, kwa upande wake, simu zake nyingi zinaanzia na kuishia ndani kwake, hamlipi mtu. Ndiyo maana anaweza kugawa dakika za bure mtandao kwa mtandao, na ukoo mzima ukahamia huko ili usikatwe hela. Tunazishangilia zile dakika, na ndizo zinazotufunga.

Mfano ulio wazi ni Kenya mwaka 2010. Mdhibiti wa wakati huo, CCK, alishusha tozo hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Muda mfupi baadaye Zain, ambayo ndiyo ikawa Airtel, ikaanza kuuza simu kwa shilingi 3 kwa dakika, na wengine wakalazimika kushuka nao. Kabla ya hapo bei hiyo ilikuwa ndoto kwa mtu anayepiga nje ya mtandao wake, maana tozo peke yake ilipita shilingi 4. Hakuna kampuni mpya iliyoletwa. Kilichobadilika ni tarakimu kwenye uamuzi wa mdhibiti.

Mexico walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1990 waliiuza Telmex ya serikali kwa watu binafsi, na ukiritimba ukahamia mikononi mwa Carlos Slim bila kulegea. Washindani waliruhusiwa baadaye, lakini bei ziliendelea kuumiza watu. Waligusa kiini mwaka 2013 walipobadilisha katiba na kuunda mdhibiti mpya, kisha mwaka 2014 sheria ikasema kampuni iliyotawala soko isitoze wenzake chochote kwa kupokea simu zao, ilhali wenzake waendelee kuitoza yenyewe. Kanuni hiyo ya sifuri ilikuja kupingwa mahakamani na kuondolewa mwaka 2017, ila kwa miaka ile mizani ilikuwa imeinamia kwa wadogo.

Kwa hiyo ukiniuliza tuandamane kudai nini, sitasema mshindani. Nitasema tozo ishuke, na mtu aweze kuhama mtandao bila kubadili namba. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, hesabu yako ni nzuri lakini umemdharau mshindani kupita kiasi. Tazama Ethiopia. Ethio Telecom ilikuwa peke yake, mali ya serikali, na malalamiko ya bei na mtandao kusumbua yalikuwa ya kila siku. Mwaka 2018 serikali ikatangaza kwamba sekta itafunguliwa, na mwaka huo huo kampuni ikakata bei za simu na intaneti kwa kiwango kikubwa. Mshindani wake, Safaricom Ethiopia, aliwasha mtandao Oktoba 2022! Maana yake bei ilishuka miaka minne kabla mshindani hajauza laini hata moja. Hofu tu ilitosha. Hiyo tozo yako ilihusika wapi hapo?

Na hiyo Kenya unayoitolea mfano, mbona Safaricom bado ndiye mkubwa mpaka leo?

Mchangiaji wa pili:

Hofu ikitosha, tuwe tunatangaza mshindani kila mwaka halafu tusimlete. Itakuwa rahisi zaidi.

Mchangiaji wa tatu:

Nimewahi kufanya kazi ya ufundi kwenye minara, na nitasema lisilopendwa. Mnara wa mjini unajilipa haraka. Mnara wa kilimani, kusiko na umeme wa gridi, ni jenereta, dizeli inayopandishwa kwa gari linalonasa kwenye matope, betri zinazoibwa, na mlinzi wa kulipwa kila mwezi. Wateja wa kule wanaongea kidogo na wananunua vocha ndogo kabisa. Nani anafidia? Ni yule wa mjini anayelalamika bei kubwa. Ukimvunja mkubwa, wote watakimbilia mjini.

Marekani walipoivunja kampuni ya simu iliyotawala soko, AT&T tarehe 1 Januari 1984, ikabaki na simu za masafa marefu huku kampuni saba za kanda zikichukua simu za mitaa. Simu za mbali zikawa nafuu, kweli, lakini ada ya simu ya nyumbani ikapanda, kwa sababu zile za mbali ndizo zilizokuwa zinaibeba. Wapenda ushindani hawalitaji hilo.

Mleta mada:

Nianze na Ethiopia. Nakubali kwamba hofu inashusha bei, na mfano ule sina cha kuubishia. Ila bei iliyoshushwa kwa hiari ya mkubwa anaweza kuipandisha kwa hiari yake. Mteja atapata kinga pale tu atakapoweza kuondoka bila kuumia, na mshindani asiyeweza kuuza dakika chini ya tozo hana pa kumpokea.

Kuhusu Safaricom kubaki mkubwa: sikusema lengo ni kumshusha mtu kiti. Hata hivyo swali lako limenipeleka kwenye kufuli nyingine ambayo niliipita haraka. Kenya waliruhusu kuhama na namba mwaka 2011, na waliohama wakawa wachache. Ungehama na namba yako, lakini M-Pesa ingebaki nyuma, na wakati ule pesa za mitandao tofauti zilikuwa hazijaunganishwa. Muunganiko ulikuja mwaka 2018. Hata mawakala walikuwa wamefungwa na mikataba ya kuhudumia mtandao mmoja, mpaka mamlaka ya ushindani ilipoiondoa mwaka 2014. Namba ikihama na pesa isihame, mtu hajahama. Kwa hiyo naongeza dai la tatu: pesa nazo zivuke mitandao kwa gharama ile ile ya ndani.

Fundi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote. Fidia ya vijijini ipo, lakini kwa sasa imefichwa ndani ya bei, na hakuna anayejua kati ya kila mia tunayolipa ni ngapi zinafika kilimani na ngapi zinakwenda kwa wenye hisa. Nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwemo, zina mfuko maalumu wa kufikisha mawasiliano vijijini, na kampuni zinauchangia. Huko hesabu angalau zinakaguliwa. Ningependa tulipie kilima waziwazi kuliko kukilipia gizani.

Nikuulize wewe uliyeufunga: mnara ule ukiwekewa antena za kampuni ya pili, gharama inaongezeka sana?

Mchangiaji wa tatu:

Dizeli inaongezeka, kwa sababu kila mtambo unakula umeme wake. Lakini nguzo ni ile ile, uzio ni ule ule, mlinzi ni yule yule, na barabara ya kupandishia ni hiyo hiyo moja. Wa kampuni nyingine walikuwa wanakuja kuomba nafasi wanaambiwa mnara umejaa. Nimeupanda mara nyingi. Haukuwa umejaa.