Mtu akifia ndani akakaa siku kadhaa, nani anasafisha chumba? (Arusha)

Mpwa_wa_Sakina

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka na naomba tuwekeane staha maana msiba bado mbichi. Mjomba wangu alikuwa anaishi mwenyewe huku Sakina, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Alikuwa na kisukari anajichoma insulini mwenyewe. Simu ikawa inaita haipokelewi mwishowe ikazima kabisa, jirani akaona nzi wamejaa dirishani ndo akamwita mwenyekiti wa mtaa, polisi wakaja mlango ukavunjwa. Tumeshamzika Machame. Polisi wamemaliza, daktari alisema ni ugonjwa hakuna jinai, funguo tunazo.

Sasa shida ni chumba. Mimi nimeishia koridoni. Godoro limeloa mpaka chini, na kuna doa limetokea uvunguni likafuata mteremko wa sakafu mpaka kwenye miguu ya kabati, sakafu yenyewe ni saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Harufu imeshika mapazia mpaka chumba cha pili. Baba mwenye nyumba anasema ana vijana wake wawili, atawapa elfu thelathini kila mmoja na dumu la Jik wamalize kesho asubuhi. Mama yangu naye kakataa, anasema kaka yake hasafishwi na watu baki, anataka aingie yeye na mama mdogo na ndoo zao. Mimi sitaki hata moja kati ya hayo mawili. Nasikia kuna watu wanafanya hii kazi kitaalamu, je Arusha au Moshi wapo kweli? Na nikiwapata nitajuaje kwamba wanajua wanachofanya? Na nani analipa, sisi au mwenye nyumba?

chalii_wa_kijenge

Pole sana mwanangu. Ila usiumize kichwa, chomeni kahawa na ubani fungua madirisha, wiki moja hiyo harufu hamna. Hao wataalamu watakupiga hela tu.

Nesi_Mstaafu_Moshi

Chalii, ukichoma kahawa utanusa kahawa, ikizima unanusa kilekile kwa sababu godoro bado lipo na sakafu imeshakunywa.

Mpwa pole sana mwanangu, na mama mpe pole zangu. Nimekaa wodini na chumba cha upasuaji miaka mingi kwa hiyo nitaongea la kwangu, la makampuni wapo humu wanaolijua. Kwanza usiogopeshwe na majirani, harufu peke yake haimuambukizi mtu aliyepita nje. Hatari iko kwa yule anayeshika. Watu wakisikia damu wanawaza ukimwi tu, lakini VVU nje ya mwili havichukui muda vinakuwa havina nguvu, mimi ninachokiogopa zaidi ni homa ya ini B maana hicho kirusi kinaweza kukaa angalau siku 7 kwenye damu iliyokauka na bado kikaambukiza. Hao vijana wa elfu thelathini nani kawauliza kama wamechanjwa?

Na wewe umesema alikuwa anajichoma insulini. Hapo ndo nimeshtuka. Mtu wa kisukari anayeishi peke yake sindano zake ziko wapi? Ziko kwenye kopo la maziwa kama alikuwa mpangilifu, lakini nyingine ziko chini ya mto, kwenye mikunjo ya shuka, uvunguni. Mama akiingia na glavu za kuoshea vyombo akakusanya zile shuka kwa kukumbatia, imetoka hiyo. Mtu akichomwa anaosha kwa maji na sabuni bila kukamua, halafu anakwenda hospitali siku hiyohiyo, dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 na kadri unavyowahi ndivyo bora. Sindano haiokotwi kwa vidole, inashikwa kwa koleo, inaingia kwenye sefti boksi, lile boksi la hospitali la kutupia sindano, au hata dumu gumu lenye mfuniko, wala hairudishwi kifuniko chake.

Halafu Jik. Watu wanamwaga Jik juu ya damu mbichi wakidhani wamemaliza. Klorini ikikutana na uchafu mwingi inaishia kupigana na uchafu, vijidudu vinabaki. Unaanza kufyonza na kuondoa, unaosha kwa sabuni, ndo unapaka klorini ya asilimia 0.5 unaiacha angalau dakika kumi. Jik ikiandikwa 3.5 kwenye lebo basi ni kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, na inachanganywa siku ileile ya kutumia. Msichanganye na dawa za choo zenye asidi, ile gesi inayotoka mtu anaweza kudondoka humohumo chumbani. Na msipulizie kwa pampu, mnarusha tu uchafu hewani.

Mwisho na hili ni la siku zote, kama marehemu angekuwa na homa kali na kutokwa damu na hakuna anayejua aliugua nini, hapo hakuna cha kampuni wala ndugu, mnapiga 199 ya Wizara ya Afya bure mnakaa mbali. Kagera tulishaona Marburg 2023 na ikarudi 2025. Kwa mjomba wako daktari ameshasema kwa hiyo siyo hilo.

Usafi_Kaskazini

Nina kampuni ndogo ya usafi hapa mjini, sitaitaja maana sijaja kutangaza biashara. Ukweli mpwa ni kwamba ukitafuta Arusha na Moshi utakutana zaidi na watu wa aina mbili, wale wa usafi wa maofisi na mahoteli, na wale wa fumigesheni. Ukiwapigia wote watakwambia "tunafanya bosi". Wachache sana wameshaingia kwenye chumba kama hicho. Sisi tumeingia na nilipoteza kijana mmoja mzuri, kesho yake hakurudi kazini na simu hakupokea, simlaumu.

Fumigesheni inaua nzi na funza, basi. Haitoi damu, haitoi harufu. Mtu wa fumigesheni anatakiwa awe amesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wale waliokuwa TPRI pale Ngaramtoni, muulize cheti, lakini hata akiwa nacho hicho cheti ni cha viuatilifu siyo cha kuondoa mabaki ya binadamu. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote ni hili, godoro mnalipeleka wapi? Akisita au akasema "tutalitupa tu" mshukuru kata simu. Hiyo ni taka hatarishi, anatakiwa awe na kibali cha NEMC, lile baraza la mazingira, au awe na makubaliano na aliye nacho, au na hospitali yenye kichomea taka, na akuletee karatasi kwamba limepokelewa. Mimi nimeona kwa macho godoro la namna hiyo limetupwa njiani kuelekea dampo la Muriet jioni, asubuhi kava limeshavuliwa na lile povu limebebwa, sasa sijui kuna mtu kalilalia wapi. Sisi siku hizi tunalichana vipande humohumo ndani, tunafunga nailoni mara mbili na selotepu, ndo linatoka mlangoni.

Swali la pili, vijana wako wamechanjwa homa ya ini B? Wapo WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi? Wakiumia chumbani kwako nani anawatibu? Mwenye kampuni ya kweli anajibu hapohapo.

La tatu asikupe bei kwa simu. Lazima aje aone, avae, aingie, ainue kona ya kapeti kama ipo, atoke na picha na akuandikie kazi kwa mafungu: kutoa vilivyoharibika, kuosha na kuua vijidudu, sakafu, harufu. Hapo kwenye sakafu ndo pesa inapolala. Saruji ya rangi nyekundu juu inang'aa lakini ikishakuwa na nyufa inafyonza, ukipiga deki mara kumi doa la juu linaisha na jua likiwaka saa saba harufu inapanda upya. Pale doa lilipopita itabidi sakafu ikwanguliwe au ichimbwe mpaka pafike pakavu, paoshwe, pakaushwe, ipakwe rangi ya kuziba ndo ipigwe saruji mpya. Hilo kabati kama ni la mbao za kubandika na miguu imeloa, lisahau. Kama ni mninga mzito linaweza kupona. Mapazia na nguo zilizokuwa chumba cha pili zinafulika kwa maji ya moto, za chumba chenyewe sikushauri.

Mashine ya ozoni, ile inayotoa gesi ya kuondoa harufu, inasaidia ila mwisho kabisa baada ya kila kitu kutolewa, na ikiwashwa asiwepo mtu wala kuku wala ua ndani, halafu nyumba inafunguliwa hewa ipite. Anayekuja na ozoni siku ya kwanza anakuuzia upepo.

Mpwa_wa_Sakina

Dah, asanteni sana, shikamoo mama nesi. Sindano kweli sikuwaza kabisa, jirani anasema alikuwa anaziweka kwenye chupa ya maji pembeni ya kitanda.

Kuna mambo mawili. Vitu vyake vya maana vipo humohumo kwenye droo ya kabati, kitambulisho cha NIDA, kadi za benki, nahisi na karatasi za shamba la Machame, na tunavihitaji tukianza mirathi. Na mwenye nyumba kashasema hatoi hata mia, eti kifo ni chetu.

Kaka_wa_Dallas

Pole ndugu yangu, mimi mtu wa Marangu nipo huku Marekani na hii kazi niliifanya kama miaka miwili nilipofika. Huku nako watu wanashangaa wakijua polisi hawasafishi, wanachukua mwili na ushahidi wanakuachia. Tofauti ni kwamba bima ya nyumba mara nyingi inalipa, na kama ni mauaji majimbo mengi yana mfuko wa fidia kwa waathirika ambao unaweza kuchangia usafi. Sheria ya OSHA ya huku, wale wa usalama kazini, ya tangu 1991 inamlazimisha mwajiri akupe chanjo ya homa ya ini B bure, na California wenyewe wanaofanya hii kazi lazima wajisajili serikalini. Bei yake sasa, elfu kadhaa za dola kwa chumba kimoja siyo ajabu, kwa hiyo matapeli nao wapo, anakuja siku ya msiba anakusainisha karatasi wakati akili haipo, baadaye bili inatisha. Msisaini kitu hapo mlangoni, mtu asiyekuwa na machozi ndo asome.

Kwenye nyaraka tulikuwa tunafanya hivi. Kabla hatujaingia familia inatuandikia orodha ya vitu vya kutafuta na viko wapi. Kila tunachokipata kinapigwa picha palepale kilipo. Kadi ya plastiki inafutwa kwa dawa inarudishwa kwenye mfuko safi. Karatasi kavu inakaa kivyake. Karatasi iliyoloa haikaushwi juani wala haipigwi dawa, inapigwa picha pande zote mbili, inaingia kwenye nailoni angavu inafungwa, mnaweza kuisoma kwa nje na hakimu akitaka kuiona ipo. Ndugu mmoja anakaa nje ya eneo chafu na daftari anasaini kila kinachotoka. Pesa taslimu zinahesabiwa mbele ya kamera. Mama asiyetaka watu baki mpeni hiyo nafasi ya daftari, mimi nimeona wamama wengi wakitulia wakipewa kazi hiyo, anaona kila kitu cha kaka yake kinavyoshikwa lakini haingii.

chalii_wa_kijenge

Hiyo ya mama na daftari imekaa vizuri. Nafuta kauli ya ubani 😅

Dada_Njiro

Mimi nina nyumba za kupangisha Njiro na Moshono kwa hiyo nitamsemea baba mwenye nyumba kidogo halafu nitamgeuka. Vitu vya marehemu ni vya mirathi, kuvitoa ni kazi ya familia, hapo yuko sawa. Lakini sakafu, kuta, dari na mlango uliovunjwa ni mali yake na atampangisha mtu mwingine humo. Marehemu hakuharibu kwa makusudi. Someni mkataba, angalieni kama kodi ilikuwa imelipwa mbele, ile miezi iliyobaki ndo mezani. Mimi ningekaa naye na mwenyekiti wa mtaa, familia mlipie kutoa vitu na kusafisha, yeye alipie sakafu na rangi, kodi iliyobaki ikatwe humo, muandikishane. Akigoma mwambie tu kwa upole kwamba kijana wake akichomwa sindano kwenye kazi aliyomtuma yeye, yeye ndo ataulizwa. Afisa afya wa kata naye mwiteni aje aone, ni bure na wenye nyumba wanamheshimu kuliko sisi.

Mpwa_wa_Sakina

Nimerudi wakuu. Mwenyekiti kaongea naye, kakubali sakafu na mlango, kodi ya miezi iliyobaki inaingia kwenye usafi. Vijana wamesimamishwa. Afisa afya anakuja kesho saa nne. Mama kakubali daftari ila kasema nguo moja, lile koti la suti alilovaa kwenye send-off yangu, lisitupwe hata iweje. Lipo limening'inia nyuma ya mlango wa chumba chenyewe. Linapona?

Usafi_Kaskazini

Kama halijaguswa na kitu chochote cha maji na harufu tu ndo imeingia, linapona. Liwekwe kwenye nailoni lake peke yake likitoka, msilipeleke kwa dobi bila kumwambia limetoka wapi. Litundikwe nje kivulini penye upepo siku kadhaa, lifuliwe, lirudiwe, bega na kola ndo hushika zaidi kwa sababu ya ile sponji ya ndani, ikigoma fundi cherehani anaitoa anaweka nyingine. Njoo inbox nikupe maswali yote ya kuiuliza kampuni niyaandike vizuri, na wakikupa bei nitumie niangalie kama wamekuwekea sakafu mara mbili.