Naishi Nakuru, kura yangu iko Luanda: nifanyeje?

Mama Mbuta
Naombeni msaada wenye kujua. Nilijiandikisha kupiga kura kwetu Luanda, Vihiga, 2017, nikiwa bado kwa mama. Tangu 2019 niko Nakuru, nakaa Kaptembwo, nauza samaki wa kukaanga. 2022 nilifunga meza siku tatu nikapanda gari kwenda kupiga kura. Nauli ya 800 ikawa 1,500, na tukabanwa wanne kwenye kiti cha watatu. Kufika mbele ya karani, kile kifaa kikakataa kidole changu. Gumba, wapi. Cha shahada, wapi. Ukiamka kila alfajiri unapaa samaki, hizo alama zinaisha. Walio nyuma yangu wakaanza kuguna. Mwishowe karani akaingiza namba ya kitambulisho, sura yangu ikatokea, nikapiga.

Sasa 2027 inakuja na hiyo safari sitaki tena. Naweza kutuma kura kwa posta, au kupiga mapema kama nisikiavyo Marekani wanafanya? Ama niihamishie Nakuru? Kitambulisho changu kimeandikwa Vihiga, wasije wakanifukuza. Tena mama anasema kura ni ya nyumbani, pale utakapozikwa. Huyo ni mgumu kuliko IEBC, tume yenyewe ya uchaguzi.

Karani wa Kondele
Dada, pole. Nilikuwa karani hapa Kisumu 2022 na vidole kama vyako niliviona siku nzima: mafundi wa mawe, akina mama wa kufua. Saruji na sabuni hazielewani na kile kifaa. Siku hiyo jaribu vidole vyote kumi bila aibu, wanaokugunia watangoja.

Posta sahau. Kenya hatuna kura ya posta wala ya mapema. Unapiga pale jina lako lilipo kwenye daftari, siku ile ile, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukiwa tayari kwenye foleni saa kumi na moja ikifika, utapiga tu.

Basi hamisha. Unaenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge unalohamia, si ile unayotoka. Hapo ndipo watu hupotea, mtu anamaliza nauli kurudi kwao kuomba ruhusa ambayo hakuna anayeidai. Kaptembwo iko Nakuru Town West. Mji huo una maeneo bunge mawili, West na East, kwa hivyo uliza vizuri kabla boda hajakutupa kwingine. Nenda wewe mwenyewe na kitambulisho, mtu hatumwi. Jaza fomu, taja kituo unachotaka, na uchague shule unayofika kwa miguu. Usijifanye mgeni ukajiandikisha upya: kujisajili mara mbili ni kosa la jinai.

Hilo neno Vihiga kwenye kitambulisho lisikusumbue, halisemi unapopigia kura. Hata kikipotea, kipya kinakuja na namba ile ile. Ila ile karatasi ya kusubiri kitambulisho haitakusaidia. Na ukisikia mtu anakuuzia "kadi ya kura", huyo ni mwizi, kadi hizo hazitumiki tena.

Sheria inataka uombe kuhama angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, kwa hivyo katikati ya Mei mlango umefungwa. Mimi ningeenda mwezi huu, foleni ikiwa ya watu wawili.

Jirani wa Malava
Naongeza kidogo. Kiti cha mbunge kikiachwa wazi, usajili wa eneo hilo unafungwa mpaka uchaguzi mdogo uishe. Kwetu Malava ndivyo ilivyokuwa. Usajili ulipofunguliwa nchini Septemba 2025, sisi tulikuwa tunangoja uchaguzi mdogo wa 27 Novemba. Mpwa wangu alikuwa ametimiza miaka 18 na kitambulisho kiko mfukoni, akabaki kutazama wenzake wakipiga. Usiseme utaenda "wakati wowote".

Niko Doha
Mama Mbuta, wewe Luanda unaiona mbali! 2022 nilipiga nikiwa Qatar. Nchi za nje zilikuwa 12, zikiwemo Tanzania, Uganda, Uingereza, Marekani na sisi huku. Dada yangu yuko Saudia, haikuwemo, kwa hivyo hakupiga. Na huku tunapewa karatasi moja tu, ya rais. Gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi) wa kwetu Sabatia tunawasoma kwenye simu. Wewe una nafasi ya karatasi zote sita halafu unauliza kama ni halali!

Baba wa Rhoda
Binti yangu, nakujibu hili la mama. Mimi ni wa Butere, niko Nakuru tangu 1988. Miaka mingi nilikuwa nasafiri Butere kumchagulia ndugu yangu mwakilishi, halafu narudi hapa nalalamika takataka haizolewi. Siku moja MCA alipita mtaani, nikamsimamisha nimweleze juu ya mtaro. Akaniuliza kwa upole tu: "Mzee, wewe unapigia wapi?" Nikanyamaza. Mwaka uliofuata nikahamisha. Kaburi langu bado liko Butere, hilo halijahamishwa na IEBC.

Mama Mbuta
Asanteni sana, Mungu awabariki. Baba, hata mimi mtaro wa mbele ya meza yangu ukijaa, maji yanaingia mpaka kwenye jiko. Nimeuliza, ofisi nimeelekezwa, nitaenda Jumatatu kabla samaki hawajafika kutoka Kisumu. Karani, kidole nitapaka mafuta usiku, sijui kama inasaidia.

Mama nitamwambia Desemba nikienda, nikiwa na unga na sukari mkononi. Kwa simu hapana.

Karani wa Kondele
Mafuta pangusa vizuri kabla hujafika kwa karani, kidole kikiteleza hakisomeki.